Kereng'ende, droo za Brussels na nusu ya jina

Wiki hii hakuna msimbo, na nyinyi mliokuwa mkingoja sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata mnisamehe. Au tuseme hii ndiyo sehemu ya pili, ila imeingiliwa na mdudu. Mdudu wa kweli, mwenye mabawa manne.

Ilikuwa hivi. Desemba nilikuwa mashambani, na asubuhi moja nikateremka mtoni na kamera. Pale tulipokuwa tukichota maji utotoni kuna jiwe kubwa, na juu yake alikuwa ametua kereng'ende wa buluu, ile buluu iliyofifia kana kwamba amemwagiwa majivu. Sote tuliokulia karibu na maji tunamjua kereng'ende. Sisi tulikuwa tukimfunga uzi mkiani na kumrusha kama helikopta, jambo ambalo leo nalionea haya. Nikampiga picha 14. Jioni nikaketi nikitafuta kitu kimoja tu: anaitwaje? Baada ya siku tatu nilikuwa na nusu ya jina, Orthetrum. Hiyo ni jenasi, yaani kama jina la ukoo. Jina lake mwenyewe nililikosa, na katika kuuliza kwa nini nimelikosa nikajikuta nimerudi nyuma zaidi ya miaka 200.

Tuanzie mwaka 1758. Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha mtindo wa kuwapa viumbe majina mawili ya Kilatini, aliwaweka kereng'ende wote aliowajua katika jenasi moja, Libellula. Mwanafunzi wake Fabricius ndiye aliyewatenga mwaka 1793 na kuwapa jina linalotumika hadi leo, Odonata, kutoka neno la Kigiriki la jino. Ukimtazama kereng'ende mdomoni kwa kioo cha kukuza utaelewa mara moja. Mwaka 1798 Fabricius huyohuyo aliandika habari za kereng'ende wa rangi ya manjano kutoka India akamwita flavescens, yaani anayegeuka manjano. Mshike huyo, tutarudi kwake.

Halafu anaingia baroni. Edmond de Selys Longchamps alizaliwa mwaka 1813 na kufa mwaka 1900, akawa mwanasiasa Ubelgiji na hata kufikia kuwa spika wa Seneti ya nchi hiyo. Kazi aliyoipenda hasa, hata hivyo, ilikuwa kereng'ende. Alikusanya sampuli kutoka pembe zote za dunia na kuzipanga, na mkusanyo wake uko Brussels hadi leo. Wataalamu wa kereng'ende wanamhesabu kuwa baba wa fani yao.

Sasa fikiria tatizo lake. Kereng'ende akiwa hai ana rangi ya kukushangaza: macho ya kijani, kifua chenye milia, tumbo jekundu au buluu. (Kile tulichokuwa tukikifunga uzi si mkia, ni tumbo. Lina pingili kumi.) Akifa, vilivyomo ndani huoza haraka na rangi nyingi huenda navyo. Macho huwa meusi, mwili huwa kahawia. Baada ya safari ya miezi ndani ya meli, kilichofika Ulaya kilikuwa kijiti kilichokauka chenye mabawa. Basi Selys alishika kile ambacho hakiozi, yaani bawa.

Bawa la kereng'ende ni wavu wa mishipa, na mishipa ile haikai ovyo. Katikati ya ukingo wa mbele kuna kifundo kama kiungo. Karibu na ncha kuna doa dogo la rangi. Kati ya shina la bawa na kile kifundo kuna vijishipa vya kukingama, na idadi yake husaidia kutenganisha jenasi moja na nyingine. Kuna pembetatu ndogo karibu na shina ambayo umbo lake ni ushahidi mwingine. Mtu wa kompyuta akiona hivyo anafikiria msimbo pau. Unaweza kuusoma kutoka kwa mdudu aliyekufa miaka 100 iliyopita, na bado usomeke sawasawa.

Mfumo huo ulifanya kazi, lakini ulikuwa na gharama ambayo sisi wa huku ndio tuliolipa. Maarifa yote yalikuwa ndani ya droo za mbali. Baada ya Selys kufa, mkusanyo wake ulielezwa kitabu baada ya kitabu na watu kama Friedrich Ris, Mswisi aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili na mkuu wa hospitali ya Rheinau. Kazi yake kubwa juu ya jamii ya Libellulidae, ambamo ndimo alimo huyu wa jiwe langu, ilichapishwa kwa mafungu kati ya 1909 na 1919, kwa Kijerumani. Wafaransa wawili, Alluaud na Jeannel, walizuru Afrika Mashariki mwaka 1911 na 1912 wakikusanya wadudu. Kereng'ende wao walielezwa na René Martin mwaka 1915, kwa Kifaransa. Mmoja wao leo anaitwa Platycypha amboniensis, wa Amboni, ule mto wa Nyeri.

Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Mtoto wa Nyeri aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya Amboni mwaka 1915 alimwona mdudu huyo kila siku, akiwa hai na akicheza na jua. Ila angetaka kujua huyu ni nani kwa maana ya kisayansi, angehitaji kujua Kifaransa na kusafiri hadi Ulaya. Data ilikuwa kwake, faharasa ilikuwa kwa wengine.

Kuna chombo kimoja cha zamani kilichobuniwa ili mtu asihitaji kusafiri hadi kwenye droo, nacho ni ufunguo. Siyo wa mlango. Ni orodha ya maswali ya ndiyo au la: je, mabawa ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele? Kama ndiyo, nenda swali la 4. Kama la, nenda swali la 19. Lamarck aliutumia kwa mimea ya Ufaransa katika kitabu chake cha mwaka 1778, na wataalamu wa wadudu wakauchukua. Sisi waandishi wa programu tunaujua vizuri, maana ni mti wa masharti tu. Na ubovu wake tunaujua pia. Ukijibu vibaya swali la pili, ufunguo hautakuambia umekosea. Utaendelea kukuuliza kwa adabu hadi mwisho na kukupa jina lisilo lake. Hakuna ujumbe wa hitilafu!

Kwa upande wetu, aliyeandika ufunguo wa kufaa alikuwa Elliot Pinhey. Miaka ya mwanzo ya 1950 alifanya kazi Nairobi katika Makumbusho ya Coryndon (ndiyo haya ya National Museum ya sasa), kisha akahamia Bulawayo. Mwaka 1961 kitabu chake juu ya kereng'ende wa Afrika Mashariki kilichapishwa London. Mwaka uliofuata alieleza spishi ya ajabu kutoka Amani, katika milima ya Usambara Mashariki kule Tanganyika, akaiita Amanipodagrion gilliesi. Haijulikani kuishi popote pengine duniani ila katika milima hiyo, na leo imo miongoni mwa viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Miaka hiyohiyo Philip Corbet alikuwa Uganda, Jinja na Entebbe. Yeye aliwachunguza wakiwa hai: jinsi watoto wao wanavyoishi majini wakiwinda, jinsi wanavyotoka usiku na kukausha mabawa. Kitabu chake cha mwaka 1962 kiliwafunza watu wengi kwamba kereng'ende si mabawa tu.

Lakini bado, kwa kitabu cha Pinhey, ulipaswa kuwa na wavu, pini na darubini. Kumtambua kereng'ende kwa macho akiwa ametua, kama watu wanavyotambua ndege, ilikuwa mbali. Na wengine watauliza, kwani ina faida gani? Nina majibu mawili, na yote mawili ni hadithi za kweli.

La kwanza ni yule wa manjano wa Fabricius. Jina lake kamili sasa ni Pantala flavescens, na bila shaka umemwona. Ni wale wanaotokea makundi kwa makundi mvua zikikaribia, wakizunguka juu ya uwanja wa mpira bila kutua. Mtaalamu wa bahari Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, aliona jambo ambalo wenyeji walikwisha kulizoea: kila mwaka mwezi wa Oktoba kereng'ende hujaa visiwani. Maldivi ni visiwa vya matumbawe, maji baridi ya juu ya ardhi karibu hayapo. Watazaliana wapi? Basi wametoka wapi na wanakwenda wapi? Akaanza kuandika tarehe. Akakusanya na za wengine, za India kusini, za Ushelisheli, za Uganda, Tanzania na Msumbiji. Akazipanga, na tarehe zikawa ngazi: India kwanza, kisha Maldivi, Ushelisheli mwezi Novemba, Tanzania na Msumbiji Disemba na Januari.

Mwaka 2009 alichapisha hoja yake kwamba mdudu huyu, mwenye urefu wa sentimita tano hivi, anavuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika na kizazi chake kinarudi, mzunguko wa kilomita 14,000 hadi 18,000 unaokamilishwa na vizazi vinne. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa upepo wa kaskazi, uliowaleta majahazi ya Arabuni na India kwa karne nyingi. Kumbe kulikuwa na abiria wengine juu. Tena juu hasa: wanapofika Maldivi upepo wa chini huwa bado unavuma kinyume nao, kwa hiyo Anderson alisema lazima wanapaa zaidi ya mita 1,000, ambako upepo umekwisha geuka. Njiani hula wadudu wengine wadogo waliochukuliwa na upepo huohuo, na wakifika huku hutaga kwenye madimbwi ya mvua. Watoto wao hukua kwa wiki chache kabla dimbwi halijakauka.

Mwaka 2012 wengine walipima haidrojeni iliyomo katika mabawa ya kereng'ende waliokamatwa Maldivi. Bawa hutengenezwa kutokana na maji alimokulia mtoto, na likishakauka halibadiliki tena. Lilionyesha kwamba wametoka mbali, kaskazini mwa India au hata kupita huko. Bawa tena! Selys angefurahi.

Ninachotaka mkione hapa ni kile ambacho mtu wa hifadhidata hukiona kwanza. Anderson aliweza kuunganisha daftari za nchi tano au sita kwa sababu mdudu alikuwa na jina moja katika daftari zote. Kila mmoja angeandika "kereng'ende wa manjano" kwa lugha yake, jedwali hizo zisingeunganika kamwe. Jina ndilo lililokuwa ufunguo mkuu.

Jibu la pili ni kinyume cha hilo, yaani yule asiye na jina. Miaka minne kabla ya makala ya Anderson, mwaka 2005, Viola Clausnitzer na Klaas-Douwe Dijkstra walieleza spishi mpya ya kereng'ende kutoka mito ya misitu ya nyanda za juu za Kenya. Ni mweusi na kijani, wa jamii ya Gomphidae, ambayo unaitambua kwa macho yaliyoachana, wakati kereng'ende wengi wakubwa macho yao hugusana juu ya kichwa. Walimwita Notogomphus maathaiae, kwa heshima ya Wangari Maathai, aliyekuwa ameipokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka uliotangulia. Jina halikuwa la urafiki tu. Mdudu huyu anahitaji kijito safi chenye miti kando, yaani kitu kilekile ambacho Mama Wangari na Green Belt Movement walikuwa wakikipigania tangu 1977. Orodha Nyekundu ya IUCN inamweka katika walio hatarini kutoweka.

Fikiria hesabu yake. Kabla ya 2005 msitu wa mtoni ungeweza kukatwa wote, na katika orodha yoyote ya viumbe vilivyopotea mstari wake usingekuwepo. Si kwamba mtu angeufuta. Usingekuwa umeandikwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2014 Dijkstra na Clausnitzer walitoa kitabu cha kereng'ende wa Afrika Mashariki, kuanzia Sudan hadi Zimbabwe, spishi zaidi ya 500. Kilichapishwa na makumbusho ya Tervuren, kwa hiyo tumerudi Ubelgiji. Mwaka 2015 Dijkstra na wenzake wawili walieleza spishi mpya 60 za Afrika kwa mkupuo mmoja. (Mmoja alipewa jina Umma gumma, kwa ajili ya albamu ya Pink Floyd. Wataalamu nao ni watu.) Mwaka 2016 ikaja tovuti ya kereng'ende wa Afrika nzima, yenye maelezo, picha na ramani zinazotokana na hifadhidata ya kumbukumbu zilizokusanywa bara zima. Mtoto wa Nyeri wa leo hahitaji nauli. Anahitaji bando.

Na mashine je? Najua mlikuwa mkisubiri swali hili. Tangu 2017 iNaturalist hukupendekezea jina kwa kutazama picha yako, na kwa Pantala hufanya vizuri. Lakini modeli haiwezi kutaja kitu isichofundishwa, na spishi isiyo na picha za kutosha haimo kabisa. Ukiipa picha ya mdudu adimu wa kijito cha Mau, itakupa jirani yake aliyepigwa picha nyingi, na itakupa kwa kujiamini. Ni ule ufunguo wa Lamarck tena, swali la pili lililojibiwa vibaya, safari hii bila hata kukuonyesha maswali.

Ndipo nilipoelewa kosa langu la Desemba. Nilimpiga picha 14, zote kutoka juu. Orthetrum wa buluu wa Afrika hufanana kiasi kwamba picha ya juu ni bure. Kinachowatofautisha madume ni kiungo kidogo kilicho chini ya pingili ya pili ya tumbo. Kereng'ende ni wadudu wa ajabu katika hili: dume ana viungo vya uzazi vya ziada pale chini ya shina la tumbo, ndiyo maana wanapopandana huunda lile umbo kama moyo. Spishi mbili zinazofanana kama mapacha kwa juu huwa na viungo hivyo vya maumbo tofauti. Kitu hicho huonekana ukiwa ubavuni tu, tena karibu.

Februari nilirudi. Safari hii nilifika saa nne asubuhi, jua likiwa limeshika, maana kereng'ende ni mashine ya jua na kabla ya hapo utawapata wamelala kwenye majani. Nilihakikisha kivuli changu hakimpiti, kwa sababu macho yale huona karibu pande zote na kivuli humkimbiza kuliko kelele. Akiruka usimfuate. Dume ana kituo chake na hurudi palepale. Majike utawapata mbali na maji, kwenye nyasi, wao huja mtoni wakiwa na kazi. Nililala kifudifudi kwenye matope dakika 40 hivi (mama mmoja aliyekuwa akifua aliniuliza kama naumwa) na nikapata picha tatu za ubavuni. Moja ilikuwa safi. Nikaituma pamoja na tarehe na mahali, na baada ya siku mbili mtaalamu mmoja akanijibu kwa maneno mawili: Orthetrum julia.

Si adimu. Ni wa kawaida sana katika vijito vyenye kivuli, na sikusikitika hata kidogo. Ila neno hilo kivuli lilinifanya niangalie picha zangu za Desemba upya, siyo mdudu bali nyuma yake. Ng'ambo ya mto palikuwa na miti. Februari ilikuwa imekatwa hadi ukingoni, napier imepandwa, na jiwe letu linapigwa jua kutwa. Kuna Orthetrum wengine wapendao jua, nao ni wa buluu vilevile, na kwa picha ya juu nisingeweza kusema kama amebadilika.

Kwa hiyo nimefungua jedwali dogo. Tarehe, saa, mahali, jina, dume au jike, na safu moja ya magamba yale makavu ambayo watoto huyaacha kwenye matete wanapotoka majini, kwa sababu anayeruka anaweza kuwa mpita njia lakini gamba ni la aliyekulia hapo. Mpaka sasa lina mistari tisa. Nitakwenda tena Agosti, na Desemba.